Treni Uliyoisikia Peke Yako

Baba,

Jana mtu alikuita Afande. Si mimi. Mimi nilikuwa nimeinama napanga nyanya, na sauti ikatoka upande wa pili wa reli, nikabaki nimeshika nyanya moja siwezi kuiweka chini. Tangu siku ile uliposimama mbele ya kamati, hakuna mtu wa mtaa wetu wa Namuwongo aliyekuita hivyo tena. Ulikuwa "yule mzee wa treni." Mpaka unakata roho pale hospitali ya Mulago, mimi nimekushikia chupa ya uji, ulikuwa yule mzee wa treni. Ngoja nikueleze imekuwaje. Nitaeleza polepole, maana mtu akikupa habari kwa fujo ulikuwa unamrudisha mwanzo.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho kilichokuwa katikati yetu. Mama alikuwa Muganda wa Kibuli, mtoto wa jirani na msikiti. Wewe Mwacholi, Mkatoliki wa kupiga magoti. Mkakutana kambini kwenu polisi, na hakuna aliyetaka kujifunza lugha ya mwenzake kwanza, wabishi nyie. Kwa hiyo nyumbani kwetu chakula kiliombewa mara mbili, kwako na kwake, na kikaliwa kimepoa kwa Kiswahili. Sasa Mama ametangulia nawe umemfuata, hakuna wa kunijibu kwa Kiswahili kile cha kambini, na hilo ndilo linaloniuma nikiamka, kabla hata sijakumbuka mengine.

Nianze na ukuta. Unaujua, lakini nauandika hivyo hivyo, kwa sababu siku hizi kila mtu ana ukuta wake. Yule tajiri anayejenga ghorofa kando ya reli, upande wa pili, alikuwa na ukuta mrefu wa matofali ulioshikilia udongo wa kiwanja chake. Asubuhi moja ya mvua ya rasharasha, watu wamejaa sokoni kwetu, pale tunapotandaza bidhaa juu ya reli yenyewe, ukuta ukaporomoka, ukawafunika waliokuwa chini yake. Mmoja wao Nnalongo, jirani yangu wa kuvuka reli, mama wa mapacha, aliyeuza mboga za nakati na kumtukana mnunuzi kwa mapenzi mpaka anunue fungu la pili.

Tangu siku hiyo ni mabishano. Tajiri anasema ukuta ulitikiswa na treni, na kwamba wale waliokufa walikuwa chini ya ukuta wanachomoa matofali ya kuwekea meza zao. Kwa hiyo wamejiua wenyewe, na treni imesaidia. Sisi tukasema hakuna treni iliyopita asubuhi ile. Ni katapila lake lililochimba mguu wa ukuta, na mvua ikamalizia. Kamati ya uchunguzi ikaja, ikafunga turubai pale kwa mwenyekiti wetu wa mtaa, watu wakaitwa mmoja mmoja. Muuza mkaa: hakuna treni. Fundi viatu: hakuna treni. Mimi siku hiyo sikuitwa, lakini ningesema vilevile.

Halafu ukaitwa wewe. Ulivaa lile koti lako la kazi ulilokataa kulistaafisha. Ukasimama wima mpaka nikaogopa goti lako.

"Treni ilipita," ukasema. "Ilipiga honi. Nikasikia inapita, ikaisha, ndiyo nikasikia kitu inaanguka. Ukuta sikuona. Mahali nilikaa, ukuta haionekani. Katapila niliona, wiki mzima inachimba pale."

Wakili wa tajiri alikushukuru kwa heshima zote. Jioni redio ikasema polisi mstaafu amethibitisha treni ilipita. Habari za katapila hawakuzitaja. Wewe ulikuwa umekaa kwenye kigoda chako mlangoni, ukaisikiliza yote, ukazima, ukasema, "Nusu ya maneno yangu wamekula." Kisha ukaomba chai.

Baba, unajua walivyotufanya. Salamu zilikatika. Mama wa chapati akawa anakuhudumia bila kukutazama. Na ulipofariki, kabla hatujakusafirisha kwenda kwenu Kitgum, nilitandika mikeka uani kwa ajili ya matanga nikangoja majirani. Wewe ulikesha kwenye matanga ya wote hawa, hata ya watu ambao hukujua majina yao. Alikuja mwenye nyumba, wakaja wawili wa jumuiya ya kanisani. Mikeka mingine nikaikunja ikiwa mipya. Nilikuwa na hasira nao, na niseme ukweli, nilikuwa na hasira nawe pia. Kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa pale. Nilikuwa nimekaa relini na nyanya zangu, na hakukuwa na treni.

Nilikuambia hivyo ukiwa hai, kwa utani. Nilisema masikio ya mzee yana treni zake. Ukacheka, ukaniuliza lile swali lako la siku zote: "Wewe naona, ama nasikia, ama watu nakuambia?"

Swali hilo nimelelewa nalo. Unakumbuka kikombe cha Mama chenye maua? Nilikuwa mdogo, nikakuambia paka amekivunja. Ukavuta kiti ukanihoji kama mshukiwa. Paka ulimwona? Nilimwona akikimbia. Basi uliona paka nakimbia, ukasema. Kikombe ni kitu ingine. Mama alikuwa amesimama mlangoni amejifunika mdomo kwa kitambaa asicheke. Mpaka leo hatujui nani alivunja kikombe kile, lakini nilijua tangu siku hiyo kwamba nyumbani kwetu kuona ni kitu kimoja na kujua ni kitu kingine.

Nilijua, halafu nikasahau. Baada ya ukuta tulikuwa tunakutana bombani kila siku, na kila siku tunaisimulia tena asubuhi ile. Nilikuwa nakumbuka vumbi jekundu. Babirye, binti wa Nnalongo, alikumbuka vumbi jeupe. Kufikia mwisho wa mwezi sote tulikuwa na vumbi jekundu, na hata yeye ukimuuliza anakuapia. Hakuna aliyedanganya. Tulikuwa tunasaidiana kukumbuka, mmoja anaongeza, mwingine anapunguza, mpaka ikawa hadithi moja iliyonyooka. Hata yule wa bodaboda ambaye asubuhi ile alikuwa Mulago na abiria, sasa anaeleza alivyoruka matofali. Kama wote wanaosema walikuwepo wangekuwepo kweli, treni isingepata pa kupita.

Basi mwezi uliopita Babirye akanijia. Kamati ilikuwa inarudi. Tajiri alileta mhandisi wake, na neno kubwa walilonalo ni la kwako. Akakaa pale pembeni ya beseni, akaniita dada, jambo ambalo hajalifanya tangu uliposimama mbele ya kamati.

"Wewe ni mtoto wake," akasema. "Ukisema treni haikupita, watajua mzee alichanganya. Sikuombi useme uongo, dada. Si wewe mwenyewe unajua haikupita?"

"Najua," nikamwambia.

Ona neno nililolitumia. Sikulisikia siku hiyo. Nilikuwa nawaza mengine: kwamba nitasimama pale nikuangushe, baba yangu, mbele ya watu, na nitakuwa nimesema kweli. Na kwamba nikikataa, nitakuwa nimemwacha Babirye na mama yake ambaye jina lake linatajwa pamoja na matofali ya wizi. Nilitamani uwepo unihoji.

Halafu Waya akaja. Dada yako mwenyewe, amekuja kuonyesha macho hospitalini, na pia kuchukua koti lako, maana anasema koti la marehemu halikai kwa mtoto wa kike. Asubuhi moja akaja kukaa nami sokoni, nikampa kigoda chako. Nikawa namsimulia habari ya kamati, Babirye, tajiri, kila kitu, yeye anaitika. Ghafla nikaona Waya hayupo. Amepanda juu ukingoni, ameshika kifua, kanga imemdondoka.

"Waya, nini?"

"Unaniuliza nini!" akasema. "Treni karibu ikule miguu yako, na mdomo yako haikunyamaza hata kidogo!"

"Treni gani?"

Nakuapia niliuliza hivyo, Baba. Nikatazama nilipo. Nilikuwa nimesimama ukingoni. Beseni la nyanya lilikuwa kiunoni kwangu, mwavuli umefungwa kwapani, turubai limekunjwa. Reli ilikuwa tupu, na kule chini mkia wa treni ulikuwa unapinda kuelekea mjini. Nilikuwa nimeinuka, nimebeba, nimepanda, nimegeuka, na katikati ya yote hayo nilikuwa naendelea kumweleza Waya kwamba sisi watu wa relini treni haiwezi kutupita bila kujua. Upande wa pili fundi viatu alikuwa anarudisha kisanduku chake kwenye mataruma huku anabishana na mteja wake. Nikamuuliza kwa sauti, "Fundi, treni imepita?" Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama amepumua. Akasema, "Leo? Bado."

Nikakaa chini. Waya akadhani nimeugua.

Wewe ulikuwa mgeni, Baba. Ulikuja kwangu baada ya kutoka kambini, na treni hukuizoea kamwe. Kila ikipita ulishtuka, ukaacha ulichokuwa unafanya, ukaitazama mpaka iishe, na sisi tukakucheka tukasema Afande anakagua gwaride. Walipokukasirikia walisema wewe mgeni unajua nini habari ya treni yetu. Kumbe mgeni ndiye aliyekuwa anaisikia. Sisi wenyeji imetuingia mwilini. Mikono inaipisha, kichwa hakina habari.

Hapo ndipo beseni likanijia. Unakumbuka nilivyokuwa nawasimulia watu, na hata Padri nilimwambia, kwamba siku ya ukuta Mungu aliziokoa nyanya zangu? Matofali yalifika mpaka katikati ya reli, pale ninapoweka beseni siku zote, lakini beseni lilikuwa juu ukingoni, halikuguswa, nami nimesimama kando yake. Nilitoa ushuhuda kwa muujiza huo. Sikujiuliza hata mara moja nani alilipandisha. Mimi sipandishi beseni ukingoni bure, Baba. Ni zito. Nalipandisha kwa sababu moja tu.

Na nikiwa nimekaa pale chini, Waya ananipepea, nikageuka kutazama upande wa pili. Sisi wa upande huu tukiipisha treni tunapanda ukingoni. Wa upande ule hakuna ukingo. Wao wanarudi nyuma, mgongo ukutani, kapu la nakati kifuani, wangoje ipite. Miaka yote wamefanya hivyo.

Nililia, Baba. Sokoni, watu wanaona. Kwa sababu tangu ukuta uanguke Babirye ana swali moja, analirudia mpaka watu wanamkwepa: mama alikuwa anafanya nini ukutani? Meza yake ilikuwa relini, kapu lake lilikutwa naye ukutani, alikuwa anafanya nini huko? Tajiri alimpa jibu la matofali. Sisi hatukuwa na jibu lolote, kwa sababu jibu lilikuwa treni, na treni tulikuwa tumeapa haikupita.

Siku ya kamati sikulala vizuri, lakini nilivaa vizuri. Waya alitaka nivae koti lako. Nikamwambia hapana, koti lina ushahidi wake, mimi nina wangu. Turubai lilijaa. Babirye alikaa mbele, akanitikisia kichwa kunitia moyo. Nikasema jina langu, nikasema nauza nyanya. Nikasema treni ilipita.

Watu waliguna. Mtu nyuma akasema, "Bannange, damu ya yule mzee." Wakili wa tajiri akatabasamu, akaanza kunishukuru kama alivyokushukuru wewe, na hapo nikakumbuka nusu ya maneno iliyoliwa. Nikamwambia, "Samahani ssebo, sijamaliza." Sijui nilitoa wapi sauti ile. Nadhani ni yako.

Nikaeleza. Beseni, ukingo, mikono yetu. Nikaeleza Waya na miguu yangu. Watu wakacheka kidogo, kisha wakaacha kucheka. Mwenyekiti wa kamati, mama mmoja mwenye miwani, akaniuliza moja kwa moja: ulimwona Nnalongo akirudi ukutani kuipisha treni?

Baba, shingo za watu wote zilikuwa zimenigeukia. Babirye alikuwa amefumba macho. Neno moja tu, ndiyo, na mama yake angetoka kwenye wizi wa matofali palepale. Na nilikuwa najua kwamba ndivyo ilivyokuwa. Nilijua kama ninavyojua jina langu.

"Sikuona," nikasema. "Nilikuwa nimempa mgongo, napandisha beseni. Nilichoona ni kwamba beseni langu lilikuwa ukingoni wakati ukuta unaanguka. Hiyo niliona. Na nimeona kila siku, miaka yote, upande ule wanavyosimama treni ikipita."

Nikadhani nimeharibu kote kuwili, kwako na kwa Nnalongo. Ndipo muuza mkaa akainuka bila kuitwa. Akasema polepole, kama mtu anayetafuta kitu gizani, kwamba asubuhi ile baada ya ukuta alitafuta magunia yake relini akayakuta ubavuni mwa nyumba, akadhani vijana wamemsogezea. Fundi viatu akasema kisanduku chake kilikuwa mapajani. "Mimi sikai na kisanduku mapajani," akasema, na uso wake ulikuwa wa mtu anayejiogopa. Mwingine mwavuli wake ulikuwa umefungwa, na mvua ilikuwa inanyesha. Kila mmoja alikuwa na kipande, na kila mmoja alikuwa amekibeba kama ajabu ndogo isiyo na maana. Mama mwenye miwani aliacha kuandika akawa anatusikiliza tu. Wakili alisema jambo kuhusu mtikisiko, na hapo akaulizwa: huo ukuta kabla ya katapila, treni zilipita miaka mingapi bila kuuangusha? Akasema mhandisi atajibu baadaye.

Kamati bado haijatoa neno. Usidhani nimekuandikia ushindi. Tajiri ana watu, na treni sasa iko kwenye maandishi, anaweza kuitumia. Wapo majirani wanaosema nimewauza, ni kama baba kama mwana. Na Babirye alitoka chini ya turubai bila kunitazama, akakaa siku nyingi bila kufungua meza.

Jana alifungua. Nilimwona, nikainama kwenye nyanya zangu kwa sababu sikujua nifanye uso gani. Ndipo nikasikia ile sauti.

"Mtoto wa Afande!"

Nikanyanyuka na nyanya yangu mkononi.

"Afande walimzika wapi?"

Nikamwambia Kitgum, nyumbani, karibu na mama yake. Akavuka reli. Akasimama mbele yangu, akakunja kitambaa, akakikunjua.

"Kwa hiyo mama alikuwa anangoja treni ipite," akasema. "Ni hiyo tu."

"Sikumwona, Babirye."

"Najua hukumwona. Ulisema mbele ya watu, nikakuchukia siku tatu." Akavuta pumzi. "Lakini ungesema ulimwona, leo ningekuwa najiuliza kama umenionea huruma."

Akakaa kwenye kigoda chako akalia, kilio cha mtu anayetua mzigo, si cha mtu anayeubeba. Alipomaliza akaniambia kwamba tukienda kukufanyia misa ya mwaka, yeye anakuja. Na mama wa chapati anakuja. Watalala kwenye mikeka, akasema, ile niliyoikunja. Sijui aliambiwa na nani habari ya mikeka.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo, Baba. Waya amekwenda na koti, kigoda nimekataa kumpa. Nimemsalimia Mama kwa njia ya kwao, nawe nakusalimia kwa njia ya kwako, na mnisamehe nikichanganya. Pumzika. Goti lako lipumzike pia.

Nina ahadi moja. Sitakuahidi kwamba nitakumbuka kila kitu sawasawa, nimeshajiona nilivyo. Lakini nimeanza kufanya hivi: kila ikipita, naacha ninachokifanya, naitazama mpaka iishe, na nasema kwa sauti, "Imepita." Watu wananicheka. Fundi viatu amenipa jina la Afande mdogo, na jana nilimsikia naye akisema, kwa siri, akiwa na kisanduku mapajani.

Nimeacha kuandika kidogo, nimerudi. Beseni liko ukingoni.

Imepita, Baba. Nimeisikia.

Mwanao,
Zaina